Pembe Butu: Istilahi na Maana Yake

Mistari miwili ikikutana katika nukta moja, uwazi ulio baina yake huitwa pembe. Ikiwa na nyuzi 90 ni pembe mraba. Ikipungua hapo ni pembe kali. Ikizidi 90 bila kufika 180 ni pembe butu. Ikitimia 180, mistari hiyo hunyooka ikawa kama mmoja.

Istilahi hizi zina mantiki. Kisu butu ni kile ambacho makali yake yamepanuka hata hakikati tena. Vivyo hivyo ncha ya pembe butu ni pana, haichomi. Taswira hiyo ni kongwe. Euclid, aliyeandika kwa Kiyunani yapata mwaka 300 K.K., aliitaja pembe hiyo kwa neno lenye maana ya kukosa makali, na neno la Kifaransa obtus limetokana na la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Mwanafunzi wa Kongo asomaye angle obtus huenda akakariri jina tupu. Neno butu humpa picha ya kitu anachokijua nyumbani.

Hata hivyo, picha hiyo yahitaji uangalifu. Ubutu ni upungufu wa makali, si upungufu wa ukubwa: pembe butu ni kubwa kuliko pembe kali. Tena urefu wa mistari haubadilishi pembe.

Faida ya istilahi huonekana katika kupima. Kipimapembe kina safu mbili za namba, moja ikianzia kulia na nyingine kushoto; pembe ya nyuzi 120 ikisomwa katika safu isiyo yake huwa 60. Chukua paa lenye mteremko wa nyuzi 30 kila upande. Kwa kuwa pembe za pembetatu hujumlika kuwa 180, pembe ya kileleni ni 120. Fundi akiandika 60, mteremko nao utakuwa 60, na kwa nyumba ya upana ule ule mabati yatazidi kwa zaidi ya nusu.

Basi kabla ya kusoma namba, yafaa mwanafunzi aitazame pembe na kujiuliza: je, ni kali au butu? Akijibu butu huku chombo kikisema 60, atajua kwamba amesoma safu isiyo sahihi.