Gurush Mafi: Nani Amepita na Ganji Yako?

Mse wa Port ya Juba, fikiria hivi. Barge imejaa unga na simiti, captain anangoja makaratasi ya Malakal, wewe ushalipwa. Ndula mpya ziko kwa miguu. Chai ya sitt shai inatoa moshi kando yako. Alafu simu inalia: akaunti yako imekatwa. Jina la duka hujawahi kuskia. Mji hujawahi kukanyaga. Na saa yenyewe ulikuwa umelala fofofo.

Hapo ndio unajua nani ni nani. Kuna mse ataangalia, aseme "ah, ni network ya Juba," arudishe simu mfukoni na aagize ful. Kuna mwingine atapigia benki kabla chai ipoe. Huyo wa pili ndio mwenye town. Kunyamazia ganji yako ni ushamba, hata kama ndula zako ni original.

Na hiyo "network ya Juba" tuibongee vizuri, juu inamaliza watu wetu. Wengi hapa Port tumekam na line za Kenya. Wera iko Juba, lakini benki, M-Pesa, chama na loan ya nduthi ya brathe zote ziko kwa ile line ya nyumbani, imelala roaming. Line ikienda "no service" siku nzima ukiwa Nairobi, utaruka. Ukiwa hapa? Network ya Juba. Na ukiwa kwa barge ndio noma kabisa. Ukishapita Bor unaingia Sudd, ni majani na maji tu, network inapotea na hakuna mtu anashtuka. Juu ya nini ashtuke?

Wezi wa SIM swap wanapenda hiyo kimya yako. Form yao iko hivi: anatafuta jina lako na namba ya kitambulisho, anajifanya wewe, line yako inahamia kwa kadi yake. Yako inakufa, yake inaamka. Code za benki zinaingia kwake moja baada ya nyingine. Kenya huu mchezo uko mpaka na jina la mtaa wake: Mulot, hapo Bomet inapopakana na Narok, masanse wamekuwa wakishika vijana wa SIM swap hapo miaka na miaka. Na usijidanganye ati "mimi niko zero, wataiba nini?" Fuliza iko tangu Januari 2019. M-Shwari iko tangu 2012. Mwizi akishakaa kwa line yako anakopa kwa jina lako, na deni inabaki yako. Ulikuwa zero, sasa uko chini ya zero.

Dawa iko na ni bure. Kabla upande basi ya Juba, ukiwa bado Kenya, piga *100*100# kwa line ya Safaricom. Hapo unazuia mtu kubadilisha line yako kwa agent wa mtaani. Ukitaka kuibadilisha, lazima uende duka lao wewe mwenyewe, na kitambulisho. Mse anayespend thao kumi kwa luku ya kusafiri alafu anaruka hii step, huyo amevaa vizuri kwa mazishi ya akaunti yake.

Sawa, line iko hai, SIM haijaguswa, na bado kuna pesa imetoka. Kabla uanze kupiga nduru, cheki kama ni wewe. Kuna kuchoma picha kubaya kuliko kupigia benki ukiitana mwizi, alafu iwe ni Netflix uliyomwekea ex wako? Biashara nyingi ziko na jina moja kwa bango na lingine kwa makaratasi. Umekula kwa "Mama Nani", statement inaandika kampuni ya mwenye plot. Umeweka app trial ya siku saba, ukasahau, siku ya nane card ikakatwa dola. Na hapo kwa dola ndio kuna kilio. Akaunti yako iko shilingi au pauni, app inadai dola, benki inabadilisha kwa rate yake na inaongeza commission. Kitu uliona kwa simu kama bei ya chai inafika kwa statement ikiwa bei ya mbuzi. Hiyo si wizi, ni bei ya kuishi kama celeb ukiwa na mshahara wa Port. Cancel, songa mbele. Na uliza pia yule kasiz wako mdogo anachezea game kwa simu yako. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Kama umecheki hizo zote na hakuna inayoingia box, basi ni wizi. Na hapa skia vizuri: udogo wa pesa usikulaze. Mwizi wa card huanza na kidogo, dola moja, mbili hivi, kuona kama card iko hai na kama mwenyewe ako macho. Ukinyamaza umemjibu. Ile kubwa inafuata, mara nyingi usiku wa wikendi, benki zikiwa zimefungwa.

Kwa hivyo unafanya nini? Kwanza unafunga card, hapo hapo kwa app, kabla hata ubonge na mtu. Pili unapigia benki kwa namba iko nyuma ya card. Sitaki kuskia ume-google "customer care". Page za uongo za customer care zimejaa Facebook na X, zina logo, zina salamu tamu, na mwisho zinaitisha PIN. Benki haiitishi PIN. Haijawahi, haitawahi. Ukiulizwa PIN, unabonga na mwizi yule yule, round ya pili.

Tatu, weka claim kwa maandishi na uitishe namba ya kumbukumbu. Tabasamu ya teller usihesabu, chukua namba. Kwa card za Visa, pesa ambayo hukuidhinisha inaweza kudaiwa hadi siku 120, lakini benki yako inaweza kuwa na deadline fupi zaidi, so usingoje barge irudi kutoka Renk. Na kama shida ni wewe ulituma M-Pesa kwa namba ya wenyewe, forward hiyo SMS kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea aende kwa agent. Ukitumia m-GURUSH, ile iliingia hapa 2019, ama wallet yoyote ingine ya Juba, principle ni ile ile: kelele mapema, kwa mwenye mtambo, na screenshot mkononi. Benki ikikuzungusha, juu yake kuna Bank of South Sudan. Kwa akaunti ya Kenya kuna Central Bank.

Kuna pia ile ya kinyume, na hii inameza wajanja. Pesa inaingia. Hujui imetoka wapi. Dakika mbili baadaye mtu analia kwa simu, "bro nimekosea namba, nirudishie kwa hii ingine." Usitume hata ndururu. Mwambie apitie kwa benki ama kampuni ya simu wafanye reversal, juu hiyo pesa inaweza kuwa imeibwa kwingine. Aprili 2024, Equity ya Kenya ilipopigwa shilingi milioni 179.6 kwa fraud ya card, pesa ilisambazwa kwa akaunti 551. Kila akaunti hapo iko na jina la mtu, na huyo mtu atajieleza. Na ukiamua kuikula pia umejiumiza: sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao, ya 2018, inasema ukificha malipo yaliyokufikia kimakosa ni faini hadi shilingi laki mbili ama jela hadi miaka miwili. Laki mbili, buda, kwa sherehe ya usiku mmoja Juba.

Sasa wazee. Ukiwaambia umeibiwa benki, anko anachangamka kama amepata promotion. "Si nilikwambia? Pesa ni ya godoro!" Anko, tulia. Hii town ndio imecheka godoro kuliko town zote. Julai 2011 pauni mpya ya South Sudan ikaingia, wenye magunia ya noti za Sudan wakakimbizana kubadilisha. Desemba 2015 pauni ikaachiliwa ielee, ikatoka karibu tatu kwa dola hadi zaidi ya 18, godoro likiwa pale pale limenyamaza. Basi anko akahamia dola, akazificha kwa mkebe wa unga. Leo anazileta soko ya Konyo Konyo, money changer anacheki mwaka, anaona ni za kitambo, anazikataa ama anampea rate ya huruma. Hiyo ndio security ya anko.  Mwachie chai.

Kitu kinanichoma kweli ni aibu. Wasee wanaibiwa na wananyamaza, juu hawataki base iwacheke. Nani atakucheka? Juni 2016 mahakama hapa Juba ilifunga watu 16 maisha, wanne wao Wakenya, kwa kesi ya dola milioni 14 zilizotolewa kutoka ofisi ya Rais kwa makaratasi ya kughushi. Wale Wakenya wanne walikana, na baadaye wakaachiliwa. Fikiria hiyo: ofisi ya Rais, na walinzi wote hao, na ganji ilitoka. Wewe na card moja ya blue unaona aibu ya nini? Mse akiibiwa base, tuulize "umefunga card?" kabla tuulize "ilikuwa ngapi?" Mushene itangoja.

Sasa kabla uweke hii simu chini, fungua statement ya wiki hii usome jina moja moja. Ukikuta moja hulijui, piga simu leo, benki ikiwa bado wazi. Na ukiona line ya Kenya imekufa, usiseme ni network ya Juba mpaka uipigie na simu ya mse ako kando yako.