Nyuzi za Jeraha: Kazi ya Mwili na Kazi ya Nyumbani

Katika delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, maji yanapokupwa watoto hushuka matopeni kati ya mikoko kutafuta kaa. Chaza hujishikiza kwenye mizizi ya miti hiyo, na makombe yao hukata kama wembe. Tuseme mtoto amekatwa mguu, jeraha limesafishwa na kushonwa zahanati, na jioni amerudishwa nyumbani kwa mtumbwi. Je, amekwisha pona?

La. Uzi hauponyi, hushikilia tu kingo za jeraha hadi mwili ujishone wenyewe. Kwanza damu huganda, kisha chembechembe nyeupe za damu hula vijidudu na uchafu. Baada ya siku kadhaa mwili huanza kufuma nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kazi hiyo ni ya polepole: baada ya wiki tatu kovu huwa na takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu ya ngozi nzima. Ndiyo maana mtoto huzuiwa kuruka na kukimbia hata nyuzi zikishatolewa.

Nyumbani, jeraha liachwe kavu kwa saa 24 hadi 48. Baadaye huoshwa taratibu kwa maji safi na sabuni, na mikono ya mwoshaji ikiwa imenawiwa kwanza. Kuogelea mtoni na kukanyaga tope kungoje hadi jeraha lifunge. Majivu, samadi na dawa za kienyeji zisipakwe kamwe. Udongo na samadi huhifadhi kijidudu cha pepopunda, ambacho hustawi mahali pasipo na hewa ya oksijeni, kama ndani ya jeraha lenye kina. Mjapani Kitasato alikitenga mwaka 1889. Kinga yake ni chanjo. Hivyo kadi ya kliniki ya mtoto ikaguliwe siku ileile ya kuumia.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, za mkononi siku 7 hadi 10, na za mguuni siku 10 hadi 14. Zikitolewa mapema jeraha hufumuka. Zikichelewa huacha alama na kufungulia vijidudu njia. Nyingine huyeyuka zenyewe, kwa hiyo mzazi aulize kabla ya kuondoka zahanati. Mkazi wa visiwani apange safari ya kurudi kwa kufuata maji kujaa na kupwa, ili siku isimpite.

Vitabu vingi hutaja wekundu kuwa dalili ya uambukizo. Katika ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Mgongo wa mkono hutambua zaidi. Sehemu ikiwa ya moto, imevimba na kung'aa, maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha ukitoka, homa ikipanda au taya likikaza, mtoto apelekwe kwa mganga mara moja, bila kungoja siku aliyopangiwa.