Uchapaji wa Sanaa Darasani kwa Vifaa Vilivyopo

Mara nyingi kipindi cha sanaa huahirishwa kwa sababu vifaa havijanunuliwa, na mwanafunzi humaliza elimu ya msingi akiwa hajawahi kupiga chapa hata moja. Ilhali uchapaji ni stadi isiyodai gharama kubwa, wala si ngeni kwetu: baadhi ya khanga za awali za mwambao zilipambwa kwa mihuri ya mbao iliyochongwa kwa mkono.

Wanafunzi wa madarasa ya chini waanze na bamia. Bamia ikikatwa kwa upana huacha alama ya ua lenye vyumba vya mbegu, hivyo hakuna haja ya kuchonga chochote. Mwalimu ndiye akate. Zile zilizokomaa mno kwa mboga ndizo zinazofaa. Rangi ya maji huchanganywa na uji mzito wa unga wa muhogo uliokwisha kupoa, kisha hupakwa kwenye kipande cha sponji kilichowekwa sahanini. Bamia huguswa pale kwa wepesi, si kuchovywa, kwani rangi ikizidi ua hugeuka doa. Uji huo huchacha. Utengenezwe wa siku hiyo tu.

Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kutengeneza mihuri kwa ndala zilizochakaa. Soli huoshwa, umbo hukatwa kwa mkasi na kugundishwa kwenye kipande cha ubao. Mkasi huchukua muda zaidi kuliko wembe, lakini wembe hauna mpini, na katika darasa lenye msongamano haufai hata kidogo.

Hapa ndipo hutokea kosa linalofundisha kuliko maelezo yote. Mwanafunzi akibandika neno MAMA, kila herufi haina kasoro, kwa kuwa M na A hazibadiliki zikigeuzwa kushoto kulia. Lakini karatasini neno husomeka AMAM. Mwalimu asiharakishe kumsahihisha. Amwache apige chapa, kisha ampe kioo aitazame. Baada ya hapo neno huandikwa kwa penseli laini, karatasi hulazwa kifudifudi juu ya ubao na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Mwandiko uliogeuka hubaki ubaoni na kuonyesha mahali pa kila herufi. Herufi kama R na S hupinduliwa kabla ya kubandikwa.

Wazazi wenye ndala zisizovaliwa tena wanaombwa kuzipeleka shuleni zikiwa zimeoshwa.