Taa nne zinawaka, shimoni giza

Huku kwetu Ntoto hauwezi kukuta mtu juu ya baiskeli ya umeme. Matope yetu yanashinda hata pikipiki ya petroli. Lakini batri zake zinatufikia: zimechoka kwingine, tunaziuziwa Goma, zinapanda mugongoni mpaka kwenye machimbo, na sisi tunazitumia kwa taa.

Ya kwanza tuliichangia watu kumi na mmoja. Muuzaji alifinya kitufe, taa nne za kijani zikawaka. «Imejaa kabisa, bazee.» Tukalipa. Usiku uleule tuliunga taa kumi ndani ya shimo. Hazikupita saa tano, zote zikazimika kwa mara moja. Batri ya gari inafifia kwanza, inakupa wakati wa kupanda. Ya lithium inajikata yenyewe bila kukuaga. Wenzetu wane walibaki chini wakipapasa ukuta mpaka tuliposhuka na simu. Mumoja aliumia mukono.

Muuzaji hakusema uongo, na njo hapo shida iko. Zile taa nne zinasoma volti tu. Chukua bidoni ya litre 20, uitie mawe, kisha ujaze maji: maji yatafika mudomoni, lakini ukimimina utapata litre 6. Batri iliyozeeka iko vile. Inajaa, lakini nafasi ya ndani imepungua.

Kwa hiyo tunapima mara mbili. Kwanza kwa mita ya volti, batri ikiwa imepumzika saa moja bila kuunganishwa na kitu. Batri ya volti 48 yenye vyumba 13 ikijaa inaonyesha 54,6. Ikiwa kwa 48 hivi, karibu nusu imeisha. Ikikaribia 39, musiiguse tena, mupeleke kwa sharje. Ile ya gari ya volti 12 ni hesabu ingine: 12,7 imejaa, 12,2 ni nusu.

Pili, na hii njo inasema ukweli, muiunge na taa munazozijua na muhesabu saa. Batri ya volti 48 na ampere-saa 10 ni wati-saa 480. Taa kumi za wati 3 zinakula 30. Ikiwa mupya, ingefika karibu saa 16, ukitoa kidogo kinachopotea kwenye kipunguza-volti. Yetu ilitoa tano! Tungeipima juu, mbele ya muuzaji, hakuna mutu angeumia.

Kigali, pikipiki za umeme za Ampersand zinatembea tangu 2019, na dereva anabadilisha batri kituoni, anaendelea na kazi. Kupima batri ni shuguli ya kampuni. Huku kwetu tantale ya coltan tunayotoa inaingia ndani ya vyombo vya umeme vya dunia nzima, na muchimbaji anajinunulia taa na mashaka yake. Tumewaambia ma-PDG wa mashimo: mita inauzwa bei ndogo kuliko batri moja. Wawili wamekubali. Wengine wanasema tutaona.

Sisi hatungoji. Kuanzia Jumatatu mita yetu iko mulangoni mwa shimo, kila asubuhi mbele ya kushuka. Mwenye batri ya zamani ailete imejaa na imepumzika. Iliyovimba ibaki inje, mbali na nyumba na watoto.