Kompyuta karakanani (Sehemu ya 2): Saa za fundi na siku za kazi

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mbao: kiasi gani cha mninga huishia kuwa vumbi na maranda kabla kabati halijasimama. Leo ni zamu ya muda. Karakana nyingi, za Keko pale Dar es Salaam na za kwingineko, huvuja fedha hapo bila mwenyewe kujua.

Muuza programu za kupima muda atakufungulia michoro ya rangi. Mwache kwanza, ujiulize unataka kujua nini, maana useremala una muda wa aina mbili. Tuseme kabati limekaa karakanani siku 12, na mikono ya mafundi imeligusa kwa saa 30 tu. Siku zilizobaki lilikuwa linasubiri: gundi nyeupe hushika mapema, lakini haikomai mpaka karibu saa 24 zipite, vanishi ya mafuta inataka kukauka kabla ya msasa na mkono wa pili, bawaba hazijaletwa, umeme umekatika. Zile saa 30 ndizo za kupangia bei. Siku 12 ni za kumwahidi mteja. Anayezichanganya ama atamtoza mteja kupita kiasi, ama atamdanganya tarehe ya kuchukua mzigo, na wengi hufanya yote mawili.

Kwa upande wa siku, programu ya ubao kama Trello inatosha. Kila oda ni kadi, nayo husogezwa safu hadi safu: mbao zimenunuliwa, kukata na kuranda, kuunga, msasa na vanishi, kupeleka. Si jambo geni. Toyota walianza kuongoza kazi kiwandani kwa kadi za karatasi miaka ya 1950. Kadi sita zikikwama kwenye vanishi, usiajiri fundi wa kuranda. Tafuta nafasi ya kukaushia.

Kwa upande wa saa kuna Toggl, Clockify na nyingine za aina hiyo: unabonyeza kuanza, unabonyeza kumaliza. Ofisini ni rahisi. Fundi mwenye gundi vidoleni na simu iliyozama mfuko wa ndani wa ovaroli, atabonyeza asubuhi na kukumbuka tena jioni. Ndiyo maana napendelea mpango wa tableti moja ukutani, kila fundi akiingia kwa namba yake ya siri, Clockify wanao. Ivalishe nailoni, vumbi la msasa halina huruma. Na usiweke shughuli ishirini za kuchagua. Nne zinatosha: kukata, kuunga, kumalizia, kurekebisha. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuumiza moyo.

Kuna suala la watu pia. Mafundi wengi hulipwa kwa kazi, si kwa saa, kwa hiyo saa ukutani huonekana kama jicho la tajiri. Waambie wazi kwamba unapima kabati, si mtu, kisha usiende kinyume. Kipengele cha kufuatilia mahali simu ilipo kizime. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwajiri naye inamhusu.

Kabla ya kulipa, zima data uone kama programu bado inapokea saa. Bei nyingi hutajwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Zidisha kwa mafundi wako wote, na vibarua wa msimu usiwasahau. Halafu jaribu kuhamishia kumbukumbu kwenye Excel. Ikikataa, achana nayo hata kama ni ya bure.

Mwenye mafundi watatu, mimi ningemwambia anunue ubao mweupe na daftari la kaunta, aandike saa za kila oda mpaka aone kabati moja linakula saa ngapi. Akizidiwa na kuandika, hapo ndipo programu itakuwa na kazi ya kufanya.

Wiki ijayo: stoo ya mbao.