Nati za Magurudumu ya Basi la Zamani: Kwa Nini Si Kila Nati Inafaa

Katika Marekani na Kanada upo mtindo wa siku nyingi wa kununua mabasi ya masafa marefu yaliyokwisha kustaafishwa, kuyang'oa viti, na kuyageuza kuwa nyumba za kusafiria zenye vitanda na jiko. Mabasi hayo hudumu sana. Yako ya aina ya GMC PD-4104, yaliyoundwa kati ya 1953 na 1960, ambayo yangali yakitembea. Hata hivyo, safari ya basi kama hilo huweza kukomeshwa na kitu kinachotosha kiganjani: nati ya gurudumu iliyopotea, au bolti iliyokatika.

Huenda mtu akadhani kwamba dawa ni kutafuta nati yoyote inayoingia katika bolti. Dhana hiyo ni ya hatari. Gurudumu la basi pamoja na tairi lake huzidi kilo 80, na likichomoka katika mwendo wa kasi huweza kumwua mpita njia. Ili kuelewa namna ya kuchagua nati ifaayo, yafaa kwanza kujua kazi inayofanywa na nati.

Bolti kama springi

Nati inapokazwa, bolti huvutika kidogo sana, kama springi. Mvuto huo ndio unaolibana gurudumu juu ya habu, na msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba nguvu za kuendesha gari na za breki. Mbano ukipungua, gurudumu huanza kuchezacheza. Hapo bolti hupindwa huku na huku katika kila mzunguko, chuma huchoka, na mwishowe hukatika. Kwa hiyo bolti iliyokatika mara nyingi ni dalili ya nati iliyolegea au isiyofaa.

Njia mbili za kuliweka gurudumu katikati

Mabasi mengi ya Marekani ya zamani hutumia mpango uitwao Budd. Magurudumu yake huwa na matundu 10, yaliyopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimeta 285.75. Mdomo wa kila tundu umechimbwa kama kibakuli, na uso wa nati ni wa mviringo kama mpira. Nati inapokaa katika kibakuli, hulivuta gurudumu hadi katikati. Penye matairi mapacha ya nyuma, kila bolti huwa na nati mbili. Ya ndani hulishika gurudumu la ndani. Nayo ina hesi ndani na nje, ili nati ya pili ifungwe juu yake na kulishika gurudumu la nje.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 mpango mwingine ulienea. Humo gurudumu huwekwa katikati na habu yenyewe, matundu yake yamenyooka, na nati moja tu yenye washa pana huyabana magurudumu yote mawili. Bolti zake ni za milimeta 22.

Tatizo ni kwamba mipango yote miwili yaweza kuwa na matundu 10 katika duara lilelile, hata macho yakadanganyika. Lakini nati ya mviringo ikifungwa katika tundu lililonyooka hugusa ukingo mwembamba tu, na gurudumu hupasuka. Nayo nati bapa ikifungwa juu ya kibakuli haina mahali pa kutosha pa kukalia. Sehemu za mipango hii miwili hazichanganywi kamwe.

Hesi za kushoto na za kulia

Katika mpango wa Budd, bolti za upande wa kulia wa gari hukazwa kama kawaida, lakini za upande wa kushoto hukazwa kinyume. Zimekatwa hivyo ili mzunguko wa gurudumu liendapo mbele uelekee kuikaza nati, si kuilegeza. Kwa kawaida alama ya L au R hupigwa kwenye ncha ya bolti na juu ya nati. Fundi asiyeitazama alama hiyo hutia bomba refu kwenye spana, akaikaza nati akidhani anaifungua, hata bolti ikakatika.

Vipimo navyo havisamehe. Bolti ya kawaida ya Budd ina kipenyo cha inchi 3/4, yaani milimeta 19.05, na hesi 16 kwa kila inchi. Nati ya milimeta 20 huanza kuingia humo bila taabu, na kumbe meno yameshikana kwenye ncha tu. Kwa sababu hiyo hupimwa kwa kalipa na kwa geji ya hesi, wala si kwa jicho.

Namna ya kutafuta

Mpango wa Budd ulitumiwa pia na malori makubwa; kwa hiyo maduka ya spea za malori ndiyo mahali pa kuanzia. Mwenye basi huenda na nati ya zamani na bolti yake mkononi, akiwa ameandika upande wa gari, urefu wa bolti, na kama gurudumu ni la chuma au la alumini. Gurudumu la alumini ni nene zaidi, nalo huhitaji bolti ndefu zaidi. Bolti moja ikikatika, zile mbili za jirani hubadilishwa pia, kwa kuwa zimebeba mzigo wake. Zikikatika mbili au zaidi, hubadilishwa zote.

Nati hizo hukazwa kwa kipimo cha nyutoni-mita 610 hadi 680. Nguvu hiyo inakaribia uzito wa mtu wa kilo 65 aliyesimama mwishoni mwa spana ya urefu wa meta moja. Baada ya kilometa 80 hadi 160 hukazwa tena, maana rangi na kutu vilivyobanwa hulainika, na mbano hupungua.

Somo hili halihusu Marekani peke yake. Malori mengi ya Kijapani ya zamani yaliyoletwa Afrika Mashariki yana nati mbili kwa kila bolti ya nyuma, ya ndani ikiwa na kichwa cha mraba, na hesi za upande wa kushoto zimekatwa kinyume. Karakana inayotenga nati za kushoto na za kulia katika makopo mawili, na kuzipima kabla ya kuzifunga, imekwisha kuyaokoa maisha ya watu isiowajua.