Bharata angeketi Muleba kusikiliza nanga

Msimulizi wa ngano za Kihaya haachiwi aseme peke yake. Akitangaza kwamba alikwenda akaona, wasikilizaji humwitikia aone, ili nao waone. Peter Seitel, Mmarekani aliyechapisha kitabu cha ngano hizo mwaka 1980, alikipa kitabu chake jina la kiitikio hicho. Kwangu mimi hiyo ni nadharia nzima ya sanaa: hadithi haijakamilika mpaka imtokee msikilizaji moyoni.

Wahindi waliiandikia nadharia hiyo vitabu. *Natyashastra*, kitabu cha Kisanskriti kinachonasibishwa na Bharata, kina umri wa takriban miaka 2,000. Kinataja ladha nane za sanaa: mapenzi, kichekesho, huruma, hasira, ushujaa, hofu, kinyaa na mshangao. Ya tisa, utulivu, iliongezwa baadaye. Bharata aliieleza ladha kwa mfano wa chakula: viungo vikiiva pamoja hutoa ladha mpya, na mlaji ndiye anayeionja.

Lakini mbona tunaifurahia huzuni? Abhinavagupta wa Kashmir, aliyeishi karibu mwaka 1000, alijibu kwamba huzuni ya sanaa haina mwenyewe: si ya mwigizaji wala ya mtazamaji, ni ya wote. Aliyefiwa jana haonji kitu, analia. Aliyepoteza ndugu meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 hakuhitaji wimbo ili ahuzunike. Kijana aliyezaliwa baadaye ndiye awezaye kusikiliza wimbo wa msiba kama ule, machozi yakamlengalenga, kisha akaomba urudiwe.

Wapiga nanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, waliijua kazi hii ya kugeuza huzuni kuwa ladha bila kusoma Kisanskriti. Habibu Selemani, aliyefariki mwaka 1993, alighani tendi za akina Rukiza na Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyezitafiti tendi za nanga kwa shahada yake ya uzamivu mwaka 1986, alimwita manju wa mwisho.

Na lugha je? Anandavardhana, wa karne ya 9, alisema uzito wa ushairi umo katika kinachodokezwa, akaongeza kuwa hata sauti za muziki, zisizo na maana ya kamusi, hudokeza hisia. Mwimbaji Saida Karoli alimthibitishia mwanzoni mwa miaka ya 2000: aliimba Kihaya, na wasiojua hata neno moja wakacheza Tanzania nzima.

Nisichokubaliana nacho ni dai la wanazuoni hao wa Kihindi kwamba ladha hii ni ya mjuzi aliyenolewa kwa mashairi. Kando ya moto, mjukuu huitikia sawa na bibi yake.

Madarasani tumebaki na dhamira, ujumbe na wahusika, kana kwamba utendi ni ripoti ya kikao. Walimu wa fasihi wa Bukoba na Muleba, wasikilizisheni wanafunzi nanga kwanza. Waulizeni ni wapi mwili uliwasisimka, na kwa nini. Dhamira zitafuata.